Siku Boma la Koikai Lilipojaa Ng'ombe

Ukitaka kumjua Koikai wa Mazingara, usimuulize habari zake. Muulize habari za ng'ombe wake, halafu utafute mahali pa kukaa, maana hutaondoka mapema. Atakueleza huyu pembe yake imepinda hivi kwa sababu gani, mama yake alikuwa mkorofi namna gani, na bibi yake alimkimbizaje fisi mpaka fisi akasahau njia ya kwao. Katikati ya maelezo atacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega, chai itamwagika, na wewe utajikuta unacheka bila kujua unachocheka. Mzee mrefu, mwembamba, shuka jekundu begani, katambuga za matairi miguuni, na kichwani kofia ya sufu aliyoinunua kwenye mitumba ya Korogwe. Kofia hiyo hakuivua hata jua likiwaka vipi. Alisema mfanyabiashara alimhakikishia ni ya Ulaya, na huko Ulaya watu hawavui kofia ovyo.

Ila ukimuuliza ng'ombe wake wako wangapi, hapo umeharibu. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti; ni kuwaitia mikosi. Mwenye mali anawajua kwa sura. Jioni anasimama mlangoni mwa boma wanapoingia, na asiyeonekana anamjua palepale. Basi swali hilo halikuulizwa na mtu yeyote, na afadhali halikuulizwa, maana miaka ile jibu lake lilikuwa limebaki dogo, dogo la kutia huruma.

Sababu ilikuwa Nasieku, binti yake.

Nasieku alikuwa na kichwa chepesi tangu mdogo. Alipofaulu darasa la saba na kuchaguliwa kwenda shule ya wasichana kule Korogwe, wazee wengine walimjia Koikai na maneno yao ya kunong'ona: binti amekua, posa zipo, mali inakuja yenyewe mlangoni, wewe unaitoa nje? Koikai aliwakaribisha vizuri, akawapa maziwa, wakanywa, wakashiba, kisha akawaambia, "Nimewasikia. Sasa nendeni mkalale." Januari ilipofika akachagua ng'ombe mmoja, akamswaga mpaka mnadani.

Enzi hizo soko lilikuwa limeshakuwa huria. Malori yalitoka Dar es Salaam kufuata ng'ombe, na mwenye fedha alinunua bila kuulizwa kibali cha nani. Koikai aliuza, akapanda basi hadi Korogwe, akalipa ada, akamnunulia bintiye mkate mkubwa na sabuni, akarudi. Jioni ile wa rika lake wakamuuliza, "Mbona yule ng'ombe hatumwoni?"

"Nimempeleka Kibirashi, kwa shemeji yangu," alijibu. "Kuna majani mabichi huko."

Mwaka uliofuata mwingine akaenda Kibirashi. Kisha mwingine. Loo! Kibirashi ile ilikula ng'ombe kuliko simba. Kila ada ilipodaiwa mmoja alikwenda kula majani mabichi na hakuna hata mmoja aliyepata hamu ya kurudi. Watu walisikia, wakaitikia, "Eee, Kibirashi pazuri," wakabadilisha mazungumzo. Nashilu, mkewe, ndiye aliyejua kila kitu, kwa kuwa ndiye aliyekamua. Aliona vibuyu vya maziwa vinapungua, akanyamaza, akaanza kulima mahindi nyuma ya nyumba, jambo ambalo mama mkwe wake angelisikia angefufuka kuja kugomba.

Hata Nasieku mwenyewe hakuelezwa yote. Alijua ng'ombe wamepungua, hakuwa kipofu. Lakini kulikuwa na Narok, ng'ombe mweusi aliyepewa siku alipozaliwa, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlea. Kila likizo swali lake la kwanza lilikuwa, "Narok yuko wapi?" Alipofika kidato cha sita jibu likawa Kibirashi. Alipouliza tena akaambiwa Narok amezaa huko, ndama mzuri, mweusi tititi kama mama yake. Nasieku akafurahi, akamwambia baba amsalimie.

Sasa mwaka huo, elfu mbili na saba, matokeo yakatoka. Nasieku amefaulu, na chuo kikuu kule Morogoro kimemchukua kusomea udaktari wa mifugo. Daktari wa ng'ombe! Habari ilifika kwa simu ya Loishiye, rafiki mkubwa wa Koikai, aliyekuwa na simu pekee upande ule. Ili kupata mtandao ilibidi upande juu ya kichuguu na usimame wima. Koikai alipanda, akasikia, akapiga ukelele uliowashtua mbuzi wakatawanyika. Alipiga kelele kwenye ile simu kana kwamba sauti ndiyo inatakiwa ifike Korogwe kwa nguvu zake yenyewe.

"Baba, nisikilize kwanza," Nasieku alisema upande wa pili. "Ada ya chuo si kama ya huku. Hatuiwezi. Zamani serikali ilisomesha bure, siku hizi inakopesha. Kuna Bodi ya Mikopo. Lakini kabla hawajatoa mkopo wanataka kujua mzazi ana uwezo gani, na Mtendaji wa kata lazima athibitishe. Bila mkopo huo siendi, baba. Narudi nyumbani, basi."

"Huyo Mtendaji anathibitishaje?"

"Huyu mpya hapigi muhuri mpaka aone kwa macho. Atakuja hapo nyumbani Jumamosi saa nne. Mimi nitakuja naye nikitoka kupiga picha za fomu. Sasa baba, sikiliza vizuri, akifika umwambie..."

Vocha ikaisha.

Koikai alishuka kichuguuni amekunja uso. Akakaa chini na Loishiye, wakalichambua jambo lenyewe. Hapa msiwacheke, maana walitumia akili kabisa. Walitumia akili ya mtu yeyote aliyewahi kukopesha.

"Wewe mbuzi wako ungemkopesha nani?" Koikai aliuliza. "Mwenye boma lililojaa au mwenye boma tupu?"

"Mwenye lililojaa. Yule mwingine atakulipa nini?"

"Basi na serikali si mjinga. Inakuja kuangalia kama nina kitu cha kulipia."

Akaangalia upande wa boma lake, akaangalia chini. Loishiye naye akamtazama, wala hakutaja Kibirashi. Alisema tu, "Nenda kalale, Pakiteng. Usihangaike."

Pakiteng si jina la mtu. Kwao ukimpa mwenzako ng'ombe, kuanzia siku hiyo mnaacha majina yenu, mnaitana hivyo nyote wawili, kwa ajili ya yule ng'ombe aliye kati yenu. Miaka mingi nyuma ugonjwa ulipita Mazingara ukamaliza ng'ombe wa Loishiye wote, akabaki ameshika fimbo ya kuchungia hewa. Koikai alimpelekea mtamba mwenye mimba, hakusema neno, akamfunga mlangoni na kuondoka. Kutoka kwa mtamba huyo Loishiye alisimama tena, na hao wawili hawajaitana kwa majina mpaka leo.

Jumamosi alfajiri Nashilu aliamshwa na kwato. Akatoka nje, akashika mdomo. Ng'ombe walikuwa wanaingia bomani, wekundu, weupe, wa madoadoa, wa mabaka, wanasukumana mlangoni, na nyuma yao Loishiye na wanaume wa rika lake wote wanapiga miluzi na kucheka. Boma ambamo panya walikuwa wanacheza mchana kweupe likajaa mpaka miiba ya ukuta ikalalama.

"Baba Nasieku!" Nashilu aliita. "Hawa ng'ombe wa nani?"

Koikai alikuwa amesimama katikati yao, kofia imeenda upande, anawapapasa migongo mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa umerudi ujanani. "Wa kwetu," alisema. "Mpaka mchana."

"Na ndama wao je? Hawa wote wananyonyesha."

"Ndama wamebaki kwetu, wasije kutuchanganya," akasema Loishiye. "Wasiwasi wa nini, shemeji? Mtendaji anakuja saa nne. Saa sita tumeshawarudisha."

"Serikali, na saa nne!" Nashilu akafyonza, akaenda kuwasha moto. Hakuna aliyemsikiliza, na hilo ndilo lililowaponza.

Koikai alikuwa na furaha isiyoelezeka. Alizunguka, akaimba wimbo wa kusifu ng'ombe ambao hakuuimba miaka, wenzake wakamwitikia. Mbuzi akachinjwa kwa ajili ya mgeni. Saa nne ikafika, ikapita. Saa sita ikafika, ikapita. Ng'ombe hawawezi kutolewa kwenda malishoni, mgeni akifika atakuta nini? Wakashinda mle ndani na jua, wanapiga kwato, wanaminyana, mavi yamefika kwenye vifundo, na wanaume wanaangalia barabara kama wanaosubiri mvua. Ilikuwa saa tisa na kitu waliposikia pikipiki.

Aliyeiendesha ni Kasmiri, Mtendaji mpya wa kata, mtu mfupi mnene, shati limechomekewa, kalamu mfukoni. Mzaliwa wa Korogwe huyo. Babu yake alikuja kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Alikuwa ametapakaa vumbi na grisi, kwa kuwa tairi lilipasuka njiani mara ya kwanza, na walipolikarabati likapasuka tena. Nyuma yake alikaa Nasieku, amekumbatia bahasha ya vyeti.

"Shikamoo, mzee Koikai! Mtanisamehe, wazee wangu. Pikipiki ya serikali hii."

"Marahaba, Mtendaji. Karibu, karibu sana."

Nasieku akashuka, akainamisha kichwa kwa baba yake, Koikai akamgusa utosini kama ilivyo desturi. Alipoinua uso akaliona boma. Macho yakamtoka pima. Akamtazama mama yake, na mama yake akatazama sufuria.

Kasmiri naye ameliona. "Loo! Hongera, mzee! Mimi niliambiwa nije kuona familia yenye hali ngumu. Hawa wote wako?"

Koikai alivimba kifua. "Boma unaliona mwenyewe, Mtendaji."

"Naliona. Mimi ni mtu wa hivyo, mzee wangu, naandika nilichokiona. Mwaka jana nilimwamini bwana mmoja mwenye duka, akanililia hana hata chumvi, kumbe ana nyumba za kupangisha. Tangu hapo naamini macho tu." Akatoa karatasi. "Wako wangapi?"

Wanaume wote wakakohoa kwa pamoja.

"Hilo kwetu haliulizwi," Loishiye akamwambia kwa upole.

"Aa, samahani. Basi nitaandika wengi." Akaandika wengi, akaweka nukta kubwa. Koikai akatabasamu mpaka jino la mwisho, akaamuru mgeni aletewe nyama.

Ndipo Nasieku alipomshika baba yake shuka, akamvuta nyuma ya nyumba.

"Baba, umeniua."

"Nimekuua? Mimi? Nimekujazia boma, mwanangu! Serikali imeona tuna uwezo wa kulipa."

"Baba, si hivyo! Mkopo wanapewa watoto ambao wazazi wao hawana. Mwenye nacho anaambiwa asomeshe mwenyewe. Sasa Mtendaji ameandika wengi. Wataona ng'ombe wengi, watasema huyu baba yake tajiri, na jina langu halitatoka."

Koikai alimtazama kama mtu aliyeambiwa mto unapanda mlima. "Serikali inakopesha asiyenacho?"

"Ndiyo, baba."

"Makusudi kabisa?"

"Makusudi."

"Nani alifikiria jambo la namna hiyo?" Koikai akauliza, na ingekuwa siku nyingine angecheka. Lakini aliona machozi yanamdondoka bintiye juu ya ile bahasha. Nasieku hakuwa mtu wa kulia hovyo. Hata alipovunjika mkono utotoni hakulia.

"Nenda kamwambie ukweli, baba. Sasa hivi."

Ukweli! Kusema ukweli kulimaanisha aende pale, mbele ya mgeni, amwambie kwamba hawa wanaume wote wanaokula nyama wamekuja kumdanganya mtu wa serikali. Loishiye aaibike, na wenzake waaibike, kwa kosa la kumpenda yeye. Na kulimaanisha kitu kingine ambacho Koikai hakutaka hata kukifikiria: kwamba boma lionekane lilivyo. Alikuwa amelificha miaka yote hiyo kwa neno moja la Kibirashi. Mwanaume wa kwao asiye na ng'ombe anasimama wapi? Anaongea nini barazani? Moyo ulimuuma, nakwambia ulimuuma kweli. Akarudi akakaa na wageni, akapewa ubavu wa mbuzi, akaushika tu mkononi.

Jua likaanza kuteremka na kivuli cha nyumba kikawa kirefu. Ng'ambo ya korongo, kwa Loishiye, ndama mmoja akalia.

Bomani ng'ombe mwekundu akainua kichwa.

Ndama akalia tena, na wa pili akamjibu, na wa tatu, mpaka korongo zima likawa ni vilio vya ndama wenye njaa. Wale mama nao wakajibu! Boma likaunguruma. Viwele vilikuwa vimejaa tangu asubuhi, maziwa yanadondoka yenyewe, na wote kwa pamoja wakageukia mlango.

"Wana nini hawa?" Kasmiri akauliza, mfupa mkononi.

"Kiu," akasema Loishiye. Tayari alikuwa ameshasimama, ameegemeza mgongo wake mzima kwenye matawi ya miiba yaliyoziba mlango. "Kiu tu, Mtendaji. Kula, kula."

"Mbona wanaangalia kule? Ndama wanaolia kule ni wa nani?"

"Wa... majirani."

Ng'ombe wakasukuma. Loishiye akateleza, akajikaza, jasho linamtoka. Wenzake wawili wakaja kumsaidia kusukuma, wanatabasamu kwa meno yote kama watu wanaopiga picha. "Vumilia kidogo, Pakiteng," Loishiye akamnong'oneza Koikai aliyekuwa amemkaribia. "Mgeni anamaliza kula. Hatuwezi kukuaibisha."

Koikai alimtazama rafiki yake, miiba imemchana shuka na bega. Kisha akageuka akamtazama Nasieku, aliyesimama mlangoni kwa mama yake na ile bahasha kifuani.

"Fungua," akasema.

"Pakiteng!"

"Fungua, au nifungue mwenyewe."

Loishiye hakusogea, basi Koikai akamshika mkono taratibu, akamweka kando kama mtoto. Akashika matawi ya miiba kwa viganja vitupu, akavuta.

Ng'ombe walitoka kama maji. Walimpita kushoto na kulia, mikia juu, hawaangalii mtu. Walipofika penye njia panda ya korongo hawakuulizana. Kundi moja likaenda kwa Loishiye, jingine upande wa kisimani, jingine likakata vichaka moja kwa moja, na mmoja mnene akabaki anahangaika peke yake mpaka aliposikia sauti ya mwanawe, akakimbia kiwele kinayumba. Kasmiri alisimama, mfupa ukamdondoka. Vumbi lilipotulia, bomani walibaki ng'ombe mzee wa pembe moja na mtamba wake aliyekonda, wanashangaa nafasi.

Nashilu alifunika uso kwa upande wa nguo.

"Mtendaji," Koikai akasema, "ulisema unaandika ulichokiona. Bado hujaona. Njoo."

Akamwingiza bomani, viatu vya Mtendaji vikazama kwenye mavi, hakuna aliyejali. Koikai akanyoosha fimbo yake kwenye kona. "Hapa alikuwa analala Nado, mwekundu. Alikuwa na wivu huyo, ukimpapasa mwenzake kwanza hakupi maziwa. Yeye ndiye sare, godoro na ada ya kidato cha kwanza. Pale alilala binti yake, ndiye kidato cha pili. Hapa kwenye jiwe alikuwepo dume la mabaka, wachuuzi walimgombania mnadani. Huyo ndiye kidato cha tatu na cha nne, na miwani, macho yalipomsumbua Nasieku." Akaenda mbele, kona hadi kona, akiwataja kwa tabia zao, huyu mkorofi, huyu mpole, huyu mwizi wa mahindi. Akasimama alipofika karibu na mlango, mahali ambapo jua la asubuhi hupiga kwanza.

"Na hapa," akasema, "alilala Narok."

"Baba," Nasieku akasema. Alikuwa amewafuata. "Narok si yuko Kibirashi?"

Koikai alivua ile kofia yake ya sufu. Watu walikuwa hawajawahi kuona kichwa chake. "Kibirashi hakuna hata mkia, mwanangu. Narok ndiye ada yako ya mtihani wa kidato cha sita. Nilimwomba msamaha njia nzima mpaka mnadani."

Nasieku alimkumbatia baba yake. Kwao binti hamkumbatii baba yake mbele za watu, haijapata kuonekana. Alimkumbatia hivyo hivyo, bahasha ikaanguka kwenye mavi, akalia kwa sauti, na Koikai akabaki ameinua mikono, hajui aiweke wapi. Mwishowe akaiweka mgongoni kwake.

"Mmesikia," akawaambia wenzake juu ya kichwa cha bintiye. "Nimewadanganya miaka yote. Sina ng'ombe Kibirashi."

Wale wazee wakatazamana. Loishiye akajaribu kujizuia, mashavu yakamvimba, akashindwa. Akapasuka kicheko. "Pakiteng! Tangu yule wa kwanza tulijua! Shemeji yako wa Kibirashi mwenyewe alinunua pikipiki akahamia Korogwe siku nyingi, anabeba abiria stendi!"

"Mlijua?"

"Nani asiyejua? Hata mbuzi wanajua!"

Rika zima likaangua kicheko. Wengine walishika miiba ili wasianguke wakajuta. Koikai aliwaangalia mmoja mmoja, mdomo wazi, miaka yote ile ya kubeba siri peke yake, kumbe wameibeba naye! Na mabega yake yakaanza kutikisika. Kasmiri alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe la dume la mabaka, anafuta macho kwa tai aliyokuwa ameiweka mfukoni. Alipopata pumzi akatoa karatasi, akakata neno wengi.

"Sasa nimeona," akasema. "Niandike wa..."

Wanaume wote wakakohoa.

"Wachache," akasema Kasmiri. "Nitaandika wachache." Akapiga muhuri pale pale, juu ya goti.

Asubuhi yake Koikai alimkuta Loishiye mlangoni na ng'ombe mweusi kwenye kamba. Alimfukuza kama mwizi. "Rudisha! Unataka kuniharibia tena? Mtu asiniletee hata kuku mpaka majina yatoke! Mimi ni maskini, na nimethibitishwa!" Akalitangaza hilo kila alipopita, kwa majivuno makubwa, na ungemsikia ungedhani amepewa cheo.

Majina yalitoka mvua za vuli zilipoanza. Koikai na Nasieku walikwenda Korogwe, kwenye duka la intaneti karibu na stendi, na dada aliyekaa kwenye kompyuta akashuka na orodha taratibu mpaka Koikai akataka kumshika mkono. Jina likaonekana. Nasieku Koikai, mkopo wa daraja la juu, ada na chakula na vitabu. Koikai hakujua kusoma, lakini alitaka aonyeshwe mahali penyewe, akaliwekea kidole kwenye kioo, akauliza mara mbili kama halifutiki. Alipohakikishiwa alicheka kicheko kilichowafanya waendesha bodaboda wa nje waje kuchungulia. Alinunulia duka zima soda. Kisha akamnunulia bintiye mkate mkubwa na sabuni, kama siku ile ya kwanza, ingawa binti sasa alikuwa mrefu karibu sawa naye.

Nasieku alibaki Korogwe kukamilisha mambo ya safari ya Morogoro. Koikai akapanda basi kurudi. Aliposhuka na kutembea kuelekea kwake jua lilikuwa bado juu kidogo, na kwa mbali akasikia boma lake linaunguruma. Akakaza mwendo.

Loishiye alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mabegani, na wale wa rika wamekaa chini kando yake kama watu wasio na habari. Ndani kulikuwa na ng'ombe. Si wengi kama siku ile, kila mzee alikuwa ameleta mmoja. Mbele yao wote alisimama yule mweusi, mjukuu wa mtamba ambaye Koikai alimfunga zamani mlangoni kwa Loishiye.

"Habari za Korogwe, Pakiteng?"

"Njema. Jina limetoka." Koikai hakumtazama, alikuwa anatazama ndani. "Hawa ni wa nani?"

"Wako. Wamerudi kutoka Kibirashi."

Koikai akasubiri jua lishuke, kwa kuwa alijua saa ile ng'ombe huinua vichwa na kugeukia kwao. Jua likashuka. Hakuna aliyeinua kichwa. Akainama akachungulia chini ya tumbo la yule mweusi, akamwona ndama ananyonya, mkia unacheza, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Safari hii walikuja na ndama wao.